Karibu ya Baba Mkubwa

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za wote hapa. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha miaka niliyosimama mbele ya ubao. Wewe je? Na huko kwenye udobi, mikono haijachubuka?

Kaka yangu, baba yako mkubwa, ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Haoni tena ila mwanga. Hospitali ya kumpasua iko huko kwenu, nami nakuomba umpokee mpaka apasuliwe. Najua una chumba kimoja tu. Kwa hiyo soma mkataba wako kwanza, kisha umpeleke kwa mwenye nyumba ukamtambulishe. Nikueleze kwa nini: mpangaji ndiye anayejibu kwa ajili ya mgeni wake. Mgeni akivunja kioo, umevunja wewe. Sikutishi, nakuandaa.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, tunakuwazia mgongo wako. Baba mkubwa alifika salama. Mama mwenye nyumba alimkubali, akaniambia, "Lakini huyu yuko juu yako." Nikaitikia.

Nampenda, Baba, ila ananitia wasiwasi. Nyumba yetu ni vyumba vilivyouzunguka ua, geti moja, komeo kwa ndani. Wapangaji tulikubaliana: anayebisha hafunguliwi mpaka mwenyeji wake atoke mwenyewe. Sasa baba mkubwa anashinda uani kwenye kiti, na mtu akisema hodi tu, yeye keshainuka, "Karibu! Karibu ndani!" huku anapapasa komeo. Amemfungulia mchuuzi wa sufuria, mtu anayemdai jirani, hata mlevi aliyekosea nyumba. Nilipomwambia huku hodi haijibiwi ovyo, alinicheka. "Mtu anabisha, nawe unanyamaza kama umekufa? Haya ndiyo mliyojifunza mjini?"

Mwambie wewe. Wewe atakusikia.

Binti yako

1 Machi

Mwanangu,

Nafurahi kusikia hamjambo. Barua yako imenichekesha mpaka wakaja kuniuliza kuna nini.

Mwelewe. Sisi tumelelewa katika nyumba ambayo mlango haukufungwa mchana. Kumkataza kaka yangu kukaribisha watu ni kama kumkataza kukohoa. Tena mtu asiyeona hutambua walio mbele yake kwa kuwasemesha. Siwezi kumwandikia mkubwa wangu kumkemea. Mvumilie. Karibu atapasuliwa, ataona, atazoea.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Jana nikiwa kazini mtu alibisha hodi. Baba mkubwa akamkaribisha. Yule mtu akasema amekuja kuchukua cherehani ya fundi aipeleke kutengenezwa. Fundi ni jirani yangu, mama mwenye watoto. Alikuwa ametoka kununua nyuzi, mlango kaurudishia tu. Baba, baba mkubwa alimshikia geti mwizi! Akamwambia, "Pole na mzigo, mwanangu. Taratibu hapo."

Fundi hakunitukana. Aliketi chini uani na nyuzi zake mpya mkononi. Heri angenitukana.

Mama mwenye nyumba aliniita mbele ya wote: nirudishe cherehani, la sivyo nitoke. Kisha akanivuta pembeni. "Sema ulishamfukuza akakataa kuondoka. Hapo atajibu mwenyewe polisi, nawe utabaki."

Anapasuliwa Alhamisi ya wiki ijayo. Nikitoka, nampeleka wapi mtu asiyeona? Na nikibaki, ni kwa kumkana. Chumba hiki nilikihangaikia, Baba. Nifanye nini? Jibu upesi, nakuomba.

Binti yako

13 Machi

Mwanangu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Nieleze polepole, maana hofu huchanganya mambo. Mwenye nyumba ana haki. Fundi ana haki. Cherehani imetoka kwa mkono wa mgeni wako, na wema wa moyo wake haubadilishi hilo. Ila ukisema ulimfukuza, utakuwa umemtwika mzigo mtu asiyeweza hata kumtambua mwizi akiletwa mbele yake. Usimkane. Sema kweli, omba muda. Natafuta cherehani hapa. Nikiipata nitaileta mwenyewe.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeipata kwa fundi. Alinitunzia, kwa kuwa mimi sikai tena pale.

Kabla haijafika, polisi walikuja. Nilikuwa mlangoni, sijaamua neno. Baba mkubwa akainuka kitini akasema kwa sauti, "Huyu binti alinifukuza siku nyingi. Mkaidi ni mimi. Msimguse." Wote wakanitazama. Nami nikanyamaza, Baba. Wakamtoa huku akitafuta kiatu kwa mguu.

Nikabaki na chumba changu. Nikafagia. Nikatandika kitanda, nikakitandua, nikakitandika tena.

Asubuhi nilikwenda kituoni. "Yule ni mgeni wangu," nikasema. "Sikumfukuza. Andikeni hivyo." Nikamdhamini, wakamwachia. Niliporudi, habari ilikuwa imenitangulia na vitu vyangu vilikuwa uani. Mama mwenye nyumba hakuwa na hasira. "Nilikuonyesha pa kupita," alisema, "hukutaka."

Alhamisi alipasuliwa. Hajui lolote. Anaamini polisi walimwonea huruma tu na kwamba uongo wake uliniokoa. Anawasimulia wauguzi huku akicheka. Kila jioni ananiambia, "Nenda nyumbani mwanangu, ukalale kitandani kwako." Namuaga. Natembea kwa kishindo mpaka mwisho wa ukumbi ili asikie, kisha navua viatu, narudi kimya kwenye benchi nje ya wodi.

Tarehe 29 wanamfungua bandeji. Anasema kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni chumba changu. Njoo kabla ya hapo, Baba. Kueleza unajua wewe.

Binti yako