Nimeuombea Upepo Ukome

Jumatatu, 9 Agosti 1954

Mkunya nzima haina neno jingine, tiara tu! Mashindano ni Jumamosi, uwanja wa shule. Watoto wanaingia darasani na gundi ya muhogo vidoleni. Sikuwachapa. Hata mimi mwalimu wao nimetengeneza yangu — inapanda kidogo, inageuka, pu! chini.

Na leo kafika Anselmo, fundi cherehani wa Chilangala. Tiara yake kubwa kama mlango, ya karatasi za mifuko ya saruji, na ikiwa juu inavuma kama nyuki. Watu wameacha majembe kuja kutazama. Bibiana naye. Akamshikia tiara, Anselmo akakimbia na uzi. Mshenga wangu alikwenda kwao tangu Juni, jibu mpaka leo hakuna. Kumbe mikono ya kumshikia Anselmo tiara ipo! Naona wivu. Naandika hivyo hivyo: wivu.

Alhamisi, 12 Agosti

Upepo mkali. Nimekutana na Mama Bibiana anatoka shamba. Shikamoo — marahaba, Mwalimu. Nikangoja aguse habari ya mshenga. Wapi! Ananiuliza kama nimeiona tiara ya yule kijana, eti inaimba. Nikasema nimeiona. Inaimba! Haya.

Jioni nimeingia kanisani peke yangu. Padre yuko Lulindi, ufunguo ninao mimi, ibada naongoza mimi. Nikapiga magoti, nikaomba upepo ukome Jumamosi. Siku moja tu. Mungu anisamehe, lakini aukomeshe.

Jumamosi, 14 Agosti

Umekoma! Hata jani la mkorosho halitikisiki. Lori limeleta watu wa Masasi, wa Newala wamekuja kwa miguu, uwanja umejaa mpaka kwenye mihogo ya shule. Tiara zote zimelala chini. Moyoni nacheka.

Nilicheka mapema. Upepo ungekuwepo, Anselmo angeng'ang'ania uzi, macho juu, hana nafasi na mtu. Sasa hana kazi! Kakaa mkeka mmoja na Bibiana na mama yake, wanamenya karanga, anawasimulia habari za Lindi, wanacheka mpaka machozi. Mimi nazunguka na filimbi kutuliza watoto. Mjinga mimi!

Mashindano yamesogezwa Jumamosi ijayo. Anselmo harudi Chilangala, atangoja hapa hapa, kwa mjomba wa Bibiana. Yesu wangu!

Jumatano, 18 Agosti

Kimya. Moshi unapanda wima. Anselmo anamshonea Bibiana gauni.

Jumamosi, 21 Agosti

Bado hakuna upepo. Watu wamejaa tena, wengi kuliko Jumamosi iliyopita.

Sasa hivi Bibiana kabisha hodi, kavaa gauni lile. Limemkaa vizuri, siwezi kusema uongo. Wazee wamemtuma: Padre hayupo, basi Mwalimu aje aongoze sala ya kuomba upepo, watu wote pamoja.

Nikamwuliza, na wewe unataka uvume? Sana, Mwalimu. Hakuficha: mama yake kasema tiara ya Anselmo ikishinda, na alete mshenga. Na usipovuma? Akatabasamu. Anselmo hana haraka, atangoja tu.

Habari ya mshenga wangu sikuuliza. Nikamwambia tangulia, navaa kanzu.

Kanzu nimeshavaa. Wameshagonga kengele. Nawaona kutoka dirishani, wanavua kofia, kelele zinapungua. Bibiana kasimama mbele kabisa, macho keshafumba, anangoja sauti yangu.