Mstari Nilioukata Mie

Mtani wangu Mzee Kibwana,

Shikamoo. Najua safari hii hunijibu. Miaka yote ile nikikupa shikamoo ulikuwa unaniitikia kwa sauti ya mtaa mzima, "Marahaba, mpagazi wee! Leo mzigo umeutua wapi?" Mie huyo, karani wa serikali, soksi zimefika magotini, kalamu mfukoni, natukanwa mbele za watu na sina la kufanya, kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani na utani hauna kesi. Leo natamani unitukane japo mara moja tu.

Nikupe kwanza habari za hapa Temeke. Lile baraza jipya limeanza. Wale wajumbe tuliowatangaza mie na wewe, waliochaguliwa na wenyeji badala ya kuteuliwa na wakubwa, wameshakaa mara tatu, na mara zote tatu wamegombea viti vya mbele. Ungecheka mpaka ushike ubavu. Na matangazo ya mipango ya mji siku hizi yanapitishwa na gari. Lina vipaza sauti viwili juu ya paa, linaanzia Kinondoni asubuhi, likifika kwetu limeshachoka, linakohoakohoa tu. Linasema huku linapita. Mtu akiwa na swali, anauliza vumbi.

Wewe hukuwa unapita. Wewe ulikuwa unasimama. Unapuliza mbiu yako ya pembe ya nyati, ile uliyoanza nayo zama za Mjerumani, unangoja watu watoke, unangoja hata aliye msalani amalize, ndipo unasema. Na kila tangazo ulilimaliza kwa maneno yaleyale: "Asiyeelewa, nyumbani kwangu anapajua." Kweli walikuja. Baada ya alasiri baraza yako ilijaa, Bi Pili wako anamimina kahawa, watu wanauliza na wewe unajibu, na usilolijua unaniletea mie ofisini kesho yake asubuhi, umeegemea dirisha langu kama umelinunua.

Unakumbuka tulivyokuwa tunalipika tangazo? Jina hilo ulilitoa wewe. Bwana wa mipango ananipa karatasi ya Kizungu, natafsiri, nakuletea. Wewe kusoma hujui, lakini hukubali kubeba neno hujalionja. Unanikalisha kwenye mkeka, unaanza kuniuliza kwa sauti za watu. Mara wewe ni mlevi wa kilabuni, "Karani, na pombe imo humo?" Mara wewe ni mwalimu wa chuoni, umebana pua. Mara wewe ni Mama Zaituni muuza vitumbua, mkono kiunoni, na hapo Bi Pili anacheka mpaka anaweka birika chini. Nikishindwa kujibu, unanirudishia karatasi: "Halijaiva hili. Nenda kalikoleze." Ah, mzee! Nimesoma shule ya misheni miaka minane, lakini kazi ya kusema na watu nilifundishwa na wewe kwenye mkeka ule.

Sasa nifike pale ninapopazunguka.

Lile tangazo la baraza jipya lilikuwa refu. Bwana aliniambia lienee ukurasa mmoja. Karibu na mwisho palikuwa na mstari unaosema kwamba katika mpango mpya, nyumba za upande wa kisimani huenda zikaondolewa kupisha barabara. Bwana hakunituma niukate. Niliukata mie. Nilijiambia tangazo lenyewe ni la furaha, watu wanapewa sauti yao, kwa nini niwatie donge? Nilijiambia imeandikwa huenda. Nilijiambia litakuja tangazo jingine. Kumbe lilikuja kweli, likabandikwa kwenye ubao wa ofisini, kwa Kiingereza, na mie nikalipita kila asubuhi nikienda kwenye meza yangu.

Na wewe uliniuliza. Hilo ndilo linalonichoma. Ulikaa mkekani, ukashika kiuno, ukaingia sauti ya Mama Zaituni: "Na nyumba yangu pale kisimani, mwanangu, mnaiacha?" Nikacheka. Nikasema, "Haziguswi, Babu." Ukanitazama kidogo, ukasema limeiva, ukachukua mbiu yako ukaondoka. Kila kona ulisema kwamba nyumba haziguswi. Hukusema serikali imesema. Ulisema, "Mie Kibwana nawaambia."

Mvua za vuli zilipokwisha wakaja wapima na mnyororo wao na vigingi vya mti. Nyumba tisa. Ya Mama Zaituni ya kwanza. Wenye nyumba wakapewa viwanja huko mwisho kabisa wa Temeke, penye nyasi za kumfunika mtu, na yeye hakwenda, alihamia kwa bintiye Kinondoni. Nyumba yako haikuguswa, maana iko ng'ambo ya pili ya barabara. Basi hapo ndipo midomo ilipofunguka. Wakakumbuka kwamba mwezi uleule ofisi ilikupa koti jipya la kaki. Kibwana kahongwa koti. Kibwana kauza jirani zake kwa vifungo vya shaba. Wewe, mtu uliyekuwa unakataa hata kitumbua cha bure siku ya tangazo!

Ulikuja dirishani kwangu siku moja tu. Hukuegemea. Uliuliza, "Lilikuwamo kwenye karatasi?" Nikatazama kalamu yangu. Ukasema, "Haya." Ukaenda zako. Na walipokujia juu wakikuuliza nani alikudanganya, ulisema, "Kinywa kilichotangaza ni changu." Jina langu hukulitaja. Baraza yako ikawa tupu. Bi Pili aliendelea kuteleka birika kila alasiri, mkanywa wawili. Masika yakaingia, kifua kikakubana, na siku ya kumi na mbili ukafa.

Kwenye msiba wako walikuja wote, maana maiti haisusiwi. Lakini walikaa kama watu waliokuja kwa ajili ya macho ya watu. Na mie, mtani, nikawa na kazi yangu. Nikavaa koti lako, nikajikunja mgongo kama wewe, nikapuliza kwa mdomo, nikaigiza unavyomfokea mbuzi wa jirani. Walilia, wakacheka, ndivyo inavyotakiwa. Ndipo mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Haziguswi!" Watu wakacheka tena, kicheko kibaya. Siku hiyo mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hakuna wa kumziba mdomo. Nami nikacheka nao. Nikacheka nao, Mzee Kibwana, ndani ya koti lako.

Tangu siku hiyo nilikuwa silali vizuri, na chakula nakitazama tu. Juzi ilikuwa arobaini yako. Nilifika mapema, nikamfuata Bi Pili uani anakuna nazi, nikamwambia yote nimesimama. Nikamwomba koti, nikisema nataka kuwaambia watu kwa namna ya utani, kama siku ile. Hakunyanyua hata uso. Alisema, "Koti sikupi. Kasimame na shati lako." Halafu akasema kwamba alijua siku nyingi. Ulimwambia nikija mwenyewe anipe kahawa, nisipokuja asinitafute.

Nilinyweshwa kahawa yako huku machozi yananichuruzika kama mtoto aliyechapwa.

Baada ya dua nikasimama na shati langu. Sauti ilikuwa ndogo, ungenirudisha nikakoleze. Nikasema mstari ulikuwamo, na aliyeuondoa ni mie Maganga, si bwana wa mipango, si Kibwana. Nikasema Kibwana aliniuliza nami nikamdanganya usoni, akanifichia mpaka kaburini. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa zile nyumba tisa akatema mate akaondoka. Wengine wakanijia pale barazani kwako, wakakaa, wakaanza kuniuliza: huo mpango una nini kingine? Barabara inaishia wapi? Na makaburi je? Waliniuliza mpaka magharibi. Nilitukanwa, mzee, matusi ya kweli, siyo ya utani, na mengine nilikuwa siyajui. Lakini mtu wa kukutukana wewe sikumsikia. Yule aliyepaza sauti siku ya msiba alichukua birika mkononi mwa Bi Pili, akazunguka kuwamiminia watu yeye mwenyewe.

Ofisini nimeshamwambia bwana. Amekasirika, anasema atafikiri la kufanya na mie. Na afikiri. Akinibakiza, kila karatasi ya mipango itasomwa yote barazani kwako kabla gari halijaingia Temeke, na Bi Pili atauliza maswali. Bi Pili mwenyewe amekubali. Sauti ya mlevi anaijua vizuri kuliko wewe.

Imebaki Mama Zaituni. Alialikwa arobaini akasema hakanyagi nyumba ya Kibwana. Kesho nakwenda Kinondoni kwa bintiye, kwa miguu, na shati hilihili. Akinifukuza nitarudi Jumapili, akinifukuza tena nitarudi tena, mpaka akubali kusikia kwamba wewe hukumuuza.

Pumzika, Mzaramo wangu. Mzigo huu niachie, mpagazi ni mie.

Mtani wako,
Maganga