Mama Mkwe Alisukuma Gari Langu

Kwako Bi. Tima,

Pokea salamu kutoka Nunguni, huku kwenye baridi, mimi ni msomaji wako gazetini kila Jumapili na sikuwahi kufikiri kuna siku nitashika kalamu kukuandikia, lakini nimechoka na sina wa kumwambia, kwa hivyo naomba unisaidie na jina langu usilitoe.

Mimi ni karani katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, nina watoto watatu na mke, tuseme anaitwa Syokau, na mwaka jana mwezi wa nne nilinunua gari dogo la dizeli kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Emali anayeitwa Ng'ang'a, ambaye aliniambia dizeli ni gari ya mtu mwenye akili, haili mafuta na haikusumbui, na kweli mwezi ule wa mwanzo halikunisumbua. Tangu mwezi wa sita likilala likapoa haliwaki asubuhi, linakoroma tu mpaka betri inachoka, isipokuwa lisukumwe au niliachilie kwenye mteremko. Fundi wangu Mulei, ambaye ni hodari sana kwa pikipiki na magari ya petroli, amebadilisha betri, amefungua pampu akaifunga, ameosha nozeli na tangi, na hata kile kiwaya cha kwenye dashibodi kilichokuwa kinawaka chekundu kama jiko kila nikifungua ufunguo alikuwa amekikata mapema, nilipomwambia naogopa kitachoma gari, akazifunga ncha zake na utepe, lakini wapi.

Sasa huku kwetu ni milima, kwa hivyo nilizoea. Kanisani nafika kabla ya watu nipate ile nafasi ya juu karibu na mlango wa shule, soko la Kasikeu naegesha mbali kwenye mwinuko natembea na kikapu begani, na mtu akinialika nyumbani kwake jambo la kwanza najiuliza si atapika nini, ni uwanja wake umelala vipi. Kwa matanga mawili sikufika kwa sababu boma zile ni tambarare na watu wakasema gari limenipandisha kichwa, nikawaacha waseme. Hakuna anayejua kwamba mimi huishi kwa kutafuta miteremko.

Shida yenyewe ni Kanyangi, kwa wazazi wa Syokau, ambako ni tambarare kama meza. Tulienda mwezi wa saba mwaka jana kuonyesha gari, tukapokewa vizuri, tukachinjiwa mbuzi, tukalala, na asubuhi wanaume walikuwa wameshatoka na ng'ombe kwenda kisimani na mimi nilitakiwa kazini saa nne, gari likakataa. Walikuwepo wanawake tu. Wewe unajua kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake ni heshima tupu, tunaiita nthoni, simpi mkono, siketi naye karibu, tukikutana njiani nampisha. Nikiwa nimeshika usukani nikaangalia kioo nikaona Syokau na shemeji yangu wanasukuma, na katikati yao mama mkwe mwenyewe amefunga leso kiunoni ameinamisha kichwa anasukuma, na mimi nimeketi. Likawaka, likatoa moshi mweusi wote ukamwishia yeye, nikamsikia anakohoa, na sikusimama, Bi. Tima, kwa sababu ningesimama lingezima tena. Syokau alikimbia akarukia ndani na mlango bado uko wazi. Sikuaga mtu.

Tangu siku hiyo sijarudi Kanyangi. Syokau akitaka twende nasema springi imekatika, mara bima imekwisha, mara kituo hakina dizeli, na yeye anaona gari linaenda kanisani na sokoni. Juzi aliniambia, "Hii gari inajua njia ya kila mahali, kwetu tu ndio haijui. Sema tu hutaki watu wa kwetu, tujue." Kilichoniua kabisa ni mwezi wa nane, mama mkwe alituma kibuyu cha asali kwa basi, na mtu aliyekileta akasema mama anasema hivi, kama alikosea kushika gari ya mkwe wake, amsamehe, alikuwa anataka tu asichelewe kazi. Kibuyu kiko juu ya kabati, sijaweza hata kukifungua.

Sasa macho ya mama yameingia ukungu, haoni vizuri, na madaktari wa macho watakuja hospitali ya misheni ya huku kwetu Alhamisi ya tarehe sita mwezi ujao, na wakiondoka hawarudi mpaka mwaka ujao. Syokau amesema nisipoenda kumchukua mama yake yeye ataenda na hatarudi huku, na si mtu wa kusema maneno ya bure. Nikienda na gari likakataa uwanjani, nani atasukuma? Je, niliuze? Nimwambie Syokau nini safari hii, maana uongo wote nimeumaliza? Nisaidie.

Ni mimi M., Nunguni.

*

Bwana M.,

Mwezi huu wewe ni mwanamume wa tatu kuniletea gari badala ya mke. Wa kwanza na wa pili niliwatupa. Wewe nakujibu kwa sababu ya yule mama, na kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa fundi wa malori Mtito Andei kwa miaka kumi na tisa, na kila jioni nilipikia watu waliokuwa wakizungumza dizeli mpaka wali unapoa. Nilichoka nayo. Sikujua kama itanifaa siku moja.

Tuanze na gari, maana hilo ndilo jepesi. Petroli huwashwa na cheche. Dizeli huwashwa na joto, na injini ikiwa baridi joto hilo huletwa na hita ndogo zilizopachikwa ndani yake. Katika magari mengi ya zamani umeme wa kwenda kwenye hita hupitia kile kiwaya cha dashibodi. Kikiwa chekundu kinakwambia ndani kumeshika moto, washa. Wewe ulikiona kinawaka ukaogopa, Mulei akakikata, na tangu hapo unaamsha mtu ambaye hajapata chai. Soma barua yako mwenyewe. Gari lilikuwa zima mwezi wa mwanzo, kiwaya kikakatwa, mwezi wa sita likaanza kukataa. Mimi si fundi na gari sijaliona, lakini kesho mwambie Mulei arudishe alichokata, kisha atoe zile hita azipime moja moja, zilizoungua mbadilishe. Akiona haya, mwambie hata mafundi wa malori hawakuzaliwa wanajua. Halafu ukifungua ufunguo, ngoja. Hesabu polepole mpaka kiwaya kiwe chekundu kabisa ndipo uzungushe. Najua kungoja ni kugumu kwako.

Likishatengenezwa usilipeleke Kanyangi siku hiyo hiyo. Liegeshe uwanja wa shule, pahali palipo sawa, lilale nje kwenye hiyo baridi yenu, uliwashe alfajiri. Fanya hivyo siku tatu. Likikubali zote tatu, nenda nalo. Likikataa hata moja, liache, panda basi Jumatano uende ukamlete mama kwa basi. Syokau amshike mkono, wewe ubebe kikapu chake na utembee mbele. Hakuna heshima ya ukwe inayovunjwa na kubeba kikapu. Kuliuza au kutoliuza utaamua mwezi wa kumi na mbili, macho ya mama hayangoji.

Sasa wewe. Nimekuonea huruma kidogo, nisiseme uongo. Kuona mama mkwe ameinama nyuma ya gari lako ni jambo la kumwangusha mwanamume yeyote wa Ukambani, na aliyekwambia ni jambo dogo hajui kwenu. Lakini aibu ile ilikuwa ya asubuhi moja. Ungesimama barabarani, lizime likitaka, ushuke, useme asante mama, pole kwa moshi, ingekwisha pale pale na mngeicheka Krismasi. Wewe umeichukua umeifuga mwaka na miezi mitatu. Umewakosesha watoto nyanya yao. Umeacha kuzika watu. Na mama aliyekufanyia wema ameketi Kanyangi anajiuliza kosa lake ni lipi, mpaka akakutumia asali ya kuomba msamaha, na wewe ukaipandisha juu ya kabati. Hapo, Bwana M., nilifunga barua nikaenda kunywa maji.

Asali hiyo ishushwe leo, watoto wale. Na usimtume mtu na maneno. Ukifika Kanyangi, mzee wa nyumba akiwepo, sema mbele yake na mama akisikia kwamba hakukosea kitu, kwamba wewe ndiye uliyeondoka bila kuaga. Maneno hayo machache yanatosha. Usianze kueleza habari za injini.

Umeniuliza umwambie mkeo nini. Mwambie vile ulivyoniambia mimi, mtu usiyemjua. Ulipata kurasa nne za kunimiminia na kwake ulikosa sentensi moja. Yeye anaamini unawadharau watu wake, na kila springi uliyoikata kwa mdomo imemwongezea imani hiyo. Atakasirika. Huenda akakasirika zaidi kwa uongo kuliko kwa jambo lenyewe, na ana haki. Mwache aseme mpaka achoke, usimkatize, usimletee mambo ya betri.

Na usipange kumwambia jioni, wala baada ya Mulei kumaliza kazi. Jina lako sikulitoa na la mkeo ulilificha mwenyewe, lakini gazeti likiingia nyumbani halisomwi na mtu mmoja. Ni wanawake wangapi huko Nunguni waliozaliwa Kanyangi, wakasukuma gari na mama yao, wakarukia ndani likitembea? Akifika kwenye mstari wa tatu atajijua. Kwa hivyo kama wewe ndiye unayesoma kwanza, una dakika chache tu za kuwa mtu aliyesema mwenyewe. Akiwa jikoni, nenda jikoni. Akiwa shambani, mfuate huko huko. Inuka sasa.