Siku Tatu za Mayai

Papa,

Sikuandikii kukulilia. Machozi maman amelia ya watu wawili. Mimi nina hasira, na leo utanisikiliza, maana huwezi tena kunikatiza.

Bunduki zilipofika kwetu Kasha, mizigo ya kwenda Walungu ilikuwa tayari mlangoni. Wewe ukasimama mbele ya kibanda cha kuku: "Tangulieni. Siku tatu tu, mayai iko karibu kupasuka." Mayai, papa! Eti ujue kama jogoo wako mweusi anaficha weupe katika damu. Ndiyo maana ulimpandisha na tetea mweupe, kwa sababu mweupe, ulisema, hana cha kuficha. "Vifaranga weusi hata kumi wakitoka, bado sijui kitu. Mweupe mumoja akitoka, basi, jogoo amejulikana."

Jirani yetu alikukuta umeanguka palepale, risasi kifuani. Alikuzika bila sisi. Jogoo, askari walimla. Tetea jirani alimbeba kwake pamoja na mayai, na tuliporudi akatuonyesha vifaranga tisa: wanane weusi, mmoja mweupe. Haya, jibu lako ndilo hilo. Umefurahi?

Miaka yote ulikuwa papa mwema. Ulinibeba mgongoni hadi Bagira nikachanjwe, ukanifundisha kuandika daftari la kuku kabla sijaanza shule. Nilidhani hiyo inatosha kumjua mtu. Siku moja tu ilinionyesha ulichokuwa umeficha.

Nilitaka kuuza kuku wote. Sikuuza. Nilileta jogoo mwingine mweusi kutoka Luberizi, nikampandisha na tetea wako yuleyule. Leo mayai yana siku kumi na nane. Na tangu jana bunduki zinalia tena. Maman alifunga mizigo, akaniita, nami nikajisikia nikisema: "Maman, siku tatu tu."

Aliketi chini kwenye vumbi. Alinitazama tu, vile alivyotazama kile kifaranga mweupe.

Aka, papa! Nilikuchukia pale kuliko siku niliyoonyeshwa kaburi lako. Hata hii uliniachia.

Basi sikia ahadi yangu. Tunatoka sasa hivi, maman ananingoja barabarani. Jogoo wa Luberizi anaficha nini, sitajua, na sitarudi kuangalia.

Baki na mayai yako, papa. Mimi naenda na maman.

Mutoto wako