Kila Panya na Kona Yake

Jumatatu, 3 Machi 2025
Makutupora tangu alfajiri. Mitego ishirini chini ya mizabibu, panya wanne tu! Mzee Matonya, mtunza panya wa maabara yetu, kaumwa kidole. Glavu alizisahau kwenye gari. Nikamsihi tusimwambie msimamizi wangu, Dk. Wambura, atasimamisha utafiti na digrii yangu iote mbawa. Mzee akacheka — eti mwanangu, panya nimewazoea. Nikampaka spiriti, yakaisha.

Jumatano, 5 Machi
Ajabu hii. Panya hulala wamerundikana. Hawa wanne, kila mmoja na kona yake, kageukia ukuta. Hata kunusana hawanusani.

Ijumaa, 7 Machi
Tumempasua mmoja. Alinichana gumba wakati namtoa kizimbani. Kidogo tu.
Kazi yetu ni ramani ya seli: kale kasehemu ka ubongo kanakomfanya mnyama amjali mwenzake. Kila aina ya seli tunaipaka rangi yake. Panya wa maabara wana aina tisa. Huyu nane. Za kijani hakuna hata moja! Nimerudia mara tatu, nikidhani nimekosea dawa. Sijakosea. Dk. Wambura anashangilia, mimi naangalia gumba langu.

Jumatatu, 10 Machi
Shikamoo, mzee. Kimya. Nikajaribu kwa Kigogo — mbukwenyi! Kimya. Matonya huyu, ambaye salamu yake huanza na wewe ikaishia kwa ng'ombe wa baba yako! Kala chakula chake ameangalia ukuta.
Mkewe kapiga simu. Mmemfanya nini mume wangu huko kazini? Hata mjukuu anamsukuma. Nikasema labda uchovu. Muongo mimi! Ningesema siku ile ile.
Nimemwandikia Dk. Wambura yote, glavu, kidole, gumba langu pia. Kesho natuma.

Ijumaa, 14 Machi
Sijatuma. Nausoma ujumbe, sioni haraka.
Mama kapiga mara tatu. Nimeacha iite.
Penina, ninayepanga naye nyumba, anabisha hodi chumbani kwangu. Kwanza alitania, eti umeolewa humo? Sasa analia. Mzee Matonya kalazwa, madaktari wanauliza aliumwa na nini, mkewe anasema mimi ndiye ninayejua. Fungua, dada, tafadhali!
Namsikia vizuri kabisa. Godoro nimelivuta hadi kwenye kona. Hapa pazuri.
Anabisha tena.