Mwongo wa Bahari

Jumanne, 8 Oktoba 1996

Maandazi yameungua upande mmoja. Kuni mbichi. Wageni wamekula hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika, na angelalamika ningemjibu. Gesti yetu hapa Masasi imejaa hadi koridoni. Wanunuzi wa korosho. Zamani kilikuwa chama cha ushirika peke yake, siku hizi kila mwenye mzani na gunia ni mnunuzi, na wote wanataka chai saa moja.

Chumba cha mwisho kuna mgeni ambaye si wa korosho. Bwana Fadhili. Alikuwa mtumishi wa serikali, kapunguzwa kazini, kiinua mgongo chote kakinunulia boti la kasi. Liko Mtwara. Anataka kupeleka watu Msimbati wakaangalie chini ya bahari. Eti unavaa miwani ya mpira, unauma bomba la kupumulia, unalaza uso kwenye maji, basi unaona. Nikamuuliza unaona nini. Kasema matumbawe. Kama miti, kama bustani, rangi zote.

Kama miti. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

Babu Chilumba, baba yake mama, alisema maneno hayo hayo. Ujanani alizamia makombe huko Msimbati. Akarudi kijijini Mnyambe na habari moja tu: chini ya bahari kuna shamba. Miti myekundu, miti ya rangi ya binzari, samaki wanakula majani yake. Mkewe, Bibi Somoe, akakataa katakata. Mti uote kwenye chumvi? Akambandika jina: Mwongo wa Bahari. Mnyambe nzima ikalidaka. Watoto waliliimbia wimbo. Alipokufa, watani walilipiga kelele njia nzima ya makaburini, ndiyo kazi yao. Bibi alicheka nao. Halafu akanyamaza ghafla. Tangu siku ile sijamsikia akilitamka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata nafasi mbili kwenye boti! Najiona kama vile nimeiba.

Bwana Fadhili anafanya safari ya majaribio Jumamosi ijayo, kundi dogo, kabla hajaleta watalii. Wapo mnunuzi mmoja wa korosho kutoka Dar es Salaam na mkewe, na Ana, msichana Mzungu anayefundisha shule ya hapa. Zilibaki nafasi mbili. Kisamvu changu cha karanga ndicho kilichoniombea. Amekila siku tatu mfululizo na leo akasema, Mama Neema, sema unataka nini.

Nikasema: mimi na bibi yangu.

Akacheka. Halafu akaona sicheki. Kasema sawa, ili mradi aweze kuuma bomba na asipaparike. Amenipa miwani na bomba tukajaribie nyumbani. Nimevifunga kwenye kanga kama mayai.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nimepanda gari hadi Newala, kisha Mnyambe.

Bibi amekonda. Jicho la kushoto limeshakufa, la kulia lina ukungu. Daktari wa macho alimwambia asitegemee sana. Nilipomweleza habari ya boti hakushangilia wala hakukataa. Akasema, "Nipeleke kabla hili moja nalo halijafunga duka." Na akaongeza: "Kama alisema kweli, nimemwonea mtu maisha yake yote. Nataka kujua."

Basi hilo ndilo linalompeleka. Si matembezi.

Tukaweka maji kwenye beseni. Loo! Oktoba hii, visima vimekauka, wanawake wanateremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, halafu sisi tunajaza beseni ili mtu atie uso! Jirani, Bi Zuhura, alisimama mlangoni mikono kiunoni. Akauliza kama tumeona pesa za kuchezea zimekwisha sasa tunachezea maji.

Bibi akauma bomba, akainama. Akaibuka anakohoa. Mara ya pili vilevile. Ni tundu. Bibi alitogwa mdomo wa juu akiwa msichana, akavaa ndonya, kile kipande cha mpingo. Alikivua miaka mingi nyuma, watu walipoanza kuwacheka wenye ndonya sokoni. Tundu limebaki. Hapo ndipo maji yanapoingilia.

Nilicheka. Ilinitoka tu. Bibi akanitazama na hilo jicho moja, nikatamani ardhi inimeze.

Maji ya beseni tumeoshea vyombo, yaliyobaki wakapewa mbuzi. Bibi akanifukuza kwa upole: "Nenda zako, mke mwenzangu. Niachie hayo madude yako." Huniita mke mwenzake tangu nazaliwa, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu. Leo jina hilo halikunichekesha.

Jumatano, 16 Oktoba

Ana kanikopesha bomba lake nijaribu. Nimeingiza uso kwenye ndoo bafuni. Nimetoa papo hapo. Sisi watu wa juu mlimani maji tunayabeba, tunayapima, tunayafunika. Hatuyaingii.

Sijamwambia mtu.

Kondakta wa basi la Newala kaniletea salamu: Bibi anasema nimfuate Ijumaa bila kukosa. Na akaongeza la kwake, kwamba watu wa Mnyambe wanasema bibi yangu amechanganyikiwa. Anazunguka na kijiti mdomoni, haongei na mtu.

Nina wasiwasi. Sielewi kijiti ni cha nini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandikia Mtwara. Mwili wote vumbi.

Tulimpitia Bibi kwa pikapu ya Bwana Fadhili. Alikuwa amekaa kizingitini, kanga mpya, na dumu la manjano tupu mapajani. Mke wa mnunuzi akauliza dumu la nini, bahari ina chumvi. Bibi akamjibu kwamba hajawahi kuteremka kwenye maji akarudi mikono mitupu, na hataanza uzeeni. Dumu likapakiwa.

Mdomoni, kwenye tundu, bua la mtama. Nene. Nilipomuuliza akanijibu kwamba yangu ni kupika.

Bwana Fadhili ndiyo kwanza analiona tundu. Alinivuta pembeni tulipofika. Mdomo ule hauzibi, akasema. Bibi yako atakunywa maji afie mikononi mwangu, na biashara yangu ife kabla haijazaliwa. Apande boti, akae, aangalie kwa juu. Majini hapana.

Nimebembeleza. Nimegomba. Mwisho nimekubali, kwa sababu anayosema ni kweli. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Bibi alisikia yote. Akaomba uji.

Jumamosi, 19 Oktoba

Niandike kabla haijanitoka.

Boti dogo, jeupe, mashine mbili nyuma. Nahodha, Bakari, ni mtu wa Msimbati. Alimwamkia Bibi kwa Kimakonde na kumkalisha mbele. Likaondoka. Jamani! Haliendi, linaruka. Mke wa mnunuzi alitapika. Mimi nilishika chuma mpaka viganja vikauma. Bibi alikuwa anacheka, dumu kati ya miguu, kanga imemvuka kichwani.

Maji hubadilika rangi. Sikujua. Nilidhani bahari ni rangi moja. Mara kama chai ya rangi, mara kijani, mara buluu nyeusi, kisha penye matumbawe yanakuwa meupe-meupe na mabaka. Nilitaka kuuliza kila baka ni nini.

Bakari akazima mashine. Kimya. Bwana Fadhili akatufundisha: tema mate ndani ya kioo, sugua, suuza, hapo hakishiki ukungu. Bibi akasema mate anayo. Ana akaingia, mnunuzi akafuata. Wakaelea na makoti yao ya boya, wanapiga kelele ndani ya mabomba.

Nikaingia mimi. Nilishika ngazi. Nikainamisha uso, maji yakagusa kioo, nikafumba macho. Nilijiambia fumbua. Sikuweza. Nikapanda juu. Niliona haya, nikajifanya natafuta kanga ya kujifutia.

Nilipogeuka Bibi alikuwa anafungua fundo la kanga. Akatoa ndonya. Ile ndogo, ya usichana wake, nyeusi inang'aa. Hapo nikaelewa kijiti. Tundu lilikuwa limejibana kwa miaka, na yeye wiki nzima amekuwa akilipanua: bua jembamba, kisha nene kuliko hilo, kisha nene zaidi. Ndivyo walivyofanyiwa wasichana enzi zao. Alijifanyia mwenyewe, peke yake, na uzee wake wote.

Akaipachika. Damu kidogo ilitoka, akaifuta. Akauma bomba. Akamwashiria Bwana Fadhili amwagie maji mdomoni kwa kopo. Akamwagiwa. Anapumua. Akamwagiwa tena. Anapumua vilevile.

Bwana Fadhili alimtazama muda mrefu. Kisha akavaa mapezi yake ya mpira miguuni, akatangulia majini, akamnyooshea mikono.

Bibi hakufumba macho. Nina hakika.

Alilaza uso, akatulia. Kanga ikachanua juu ya maji. Bwana Fadhili alimshika mkono. Muda ukapita, wengine wakapanda botini, wakajifuta, wakaanza kula ndizi. Bibi bado. Kama si bomba kutoa mlio wa pumzi ningelia. Bwana Fadhili akajaribu kumwinua, Bibi akausukuma mkono wake. Akajaribu tena, akasukumwa tena.

Alipoinuliwa, ndani ya miwani kulikuwa na maji. Bwana Fadhili akasema miwani inavuja. Haikuvuja.

Bibi alisema neno moja tu, Chilumba. Bila lile jina lingine.

Kisha akaomba dumu lake, akalijaza.

Jumapili, 20 Oktoba

Barabarani siku nzima. Chumvi kwenye nywele, chumvi masikioni.

Bibi alinisimulia njia nzima. Miti ya pembe. Miti ya vidole. Mmoja wa binzari kabisa, Babu hakukosea. Samaki wanautafuna, mlio wao unasikika, ka-ka-ka, kama watu wanaobangua korosho. Kioo kinasogeza kila kitu karibu, hata jicho lake halikuweza kukataa. Niliuliza maswali hadi nikakaukiwa koo.

Halafu akauliza mimi niliona nini.

Nikamwambia. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mnyambe. Watu wamejaa uani kwa Bibi. Aliwaita mwenyewe. Akakaa na ndonya yake mdomoni, akawaeleza yote, hakupunguza kitu. Akasema alimwonea Chilumba, na wao walimwonea kwa kumfuata yeye.

Ukimya. Kisha Bi Zuhura akapasuka kwa kicheko. Mwongo wa Bahari kafufuka, na safari hii kavaa kanga! Uani pote kicheko. Mwenye jicho moja bovu na jingine halipo ndiye kaona miti chini ya maji. Wakaonja maji ya dumu, wakatema. Sawa, bahari amefika. Miti je?

Wakanigeukia. Mama Neema, wewe ulikuwepo. Uliona?

Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Neno lilikuwa ulimini. Bibi akatikisa kichwa, kidogo tu.

Nikasema kweli. Nilifumba macho.

Kelele zile! Watoto walikuwa wameshaanza wimbo, ule ule wa Babu. Nimewachukia wote, mmoja mmoja. Bibi alicheka kuliko wote, ameshika mbavu.

Jumanne, 22 Oktoba

Asubuhi tulikwenda kaburini, mimi na yeye. Nimebeba dumu.

Alinyunyiza unga wa mtama kama kawaida. Kisha akamimina maji ya bahari, polepole, dumu zima. Sijawahi kuona mtu wa huku akimwaga maji chini mpaka yaishe. Nikamwambia nyasi zitakufa. Akasema zife.

Nikamwomba msamaha kwa ya jana. Ningeweza kumsaidia.

"Usinisaidie, mke mwenzangu," akasema. "Yeye alisaidiwa na nani?"

Akapiga-piga udongo uliolowa, kama mtu anayemwamsha mwenzake taratibu. Akamwambia Babu kwamba sasa Waongo wa Bahari wapo wawili. Tukarudi. Njiani watoto walituimbia, naye akaitikia kiitikio.

Alhamisi, 24 Oktoba

Masasi. Maandazi yametoka vizuri.

Bwana Fadhili kaja kula kisamvu. Kasema mwezi ujao anapeleka kundi lingine na anataka mpishi. Nikamwambia nitafikiri. Aliacha miwani na bomba mezani, akaenda zake.

Mchana gesti imetulia. Nimejaza beseni langu la maua, nimefunga mlango. Nimetema mate kwenye kioo, nimesugua, nimesuuza. Nimeuma bomba. Nimeinama.

Nimefumbua macho. Ndani ya beseni, chini kabisa, pamechorwa ua jekundu, jani lake moja limebanduka rangi. Nimeosha beseni hili miaka yote. Nimekaa pale nikiliangalia hadi mgongo ukauma.