Kifua Chako kwa Jina Langu

Dada yangu Nyambura, mwarĩ wa maitũ, binti wa mama yangu,

Barua huanza na salamu, na adabu hiyo naijua. Lakini zako nimeziweka kando, utazipata nikishapoa. Nina hasira. Nina hasira na lile gari la picha za vifua, na karani, na daktari, na mimi mwenyewe, na wewe kuliko wote. Na kwa kuwa umelala udongoni hapa Ruiru, mahali ambapo siwezi kukushika mabega nikutikise, nimechukua kalamu.

Utashangaa kwamba naandika, tena kwa Kiswahili. Tulipoachana sikujua hata herufi moja ya jina langu. Subiri, nitakuambia nilikojifunzia.

Kadi ya kazi unaikumbuka. Tangu mumeo, baba wa bintiyo Wacuka, apelekwe kizuizini, hakuna karani wa shamba la kahawa aliyetaka kukuandika, maana mke wa mtu aliyefungwa kwa siasa hakupewa kadi. Basi kadi yangu ikawa yetu. Leo unachuma wewe, kesho mimi. Ukijifunga kitambaa changu hata mama mkwe wangu alikuwa akikuita Wanja. Nyapara alijua, na alijua pia kwamba nusu ya wanawake wa kambi ile walichuma kwa kadi za dada zao. Debe likijaa kahawa iliyoiva vizuri, hakuuliza ni mkono wa nani uliolijaza. Hatukuona kosa lolote. Nani angeona kosa katika kumlisha ndugu yake?

Gari la picha lilikuja siku yako ya kuchuma, kadi yangu ikiwa mkononi mwako. Mimi nilikuwa Gatuanyaga, kwa mama mkwe, nikimsaidia kupura maharage. Niliporudi jioni nilikukuta umekaa mlangoni unacheka na watoto, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi.

"Wanja, wamenimulika!" ukaniambia. "Nimekumbatia chuma baridi, mzungu akasema vuta pumzi, nikavuta. Akasema shika, nikashika. Ule mwanga umepita mpaka mgongoni. Sasa kifua kimefunguka kabisa!"

Jioni ile ulikula githeri, mahindi na maharage, bakuli mbili. Kambi nzima ilikuwa ikisema vilevile, kwamba mashine mpya ya serikali inakausha ugonjwa kwa mwanga, na aliyepigwa picha amekwisha kutibiwa. Wanawake waliokuwa wamejificha kwenye miti ya kahawa walitoka wakakimbilia foleni. Wazee waliomba wapigwe mara ya pili, kwa ajili ya magoti. Na wale watu wa gari, Nyambura, walituona tukishangilia. Walituona! Walileta mashine inayoweza kuona mapafu ya mtu ndani ya nguo na ngozi, wakashindwa kuleta mdomo mmoja wa kutuambia kwamba picha ni picha tu. Hilo sitawasamehe.

Majuma yakapita, kikohozi chako kikarudi, ukasema ni vumbi. Ndipo lori likaja. Karani aliyekuja nalo akasimama juu ya sanduku na karatasi mkononi.

"Wanja wa Njoroge! Wapi huyo? Wewe uko na kifua kikuu. Panda kwa lori, upesi!"

Nilikuwa na afya ya punda. Nilikutazama. Ulikuwa umesimama nyuma ya mti wa kahawa, mtoto wa mwisho mgongoni, na nilijua papo hapo ni kifua cha nani kilichokuwa kwenye karatasi ile. Wewe ulijua?

Ulinisogelea kana kwamba unaniaga. "Enda tu," uliniambia kwa sauti ndogo. "Mimi nimeshapona na ule mwanga. Utakula wali, utalala kwa kitanda, watakuona hauna kitu, watakurudisha. Tukisema ukweli sasa, kadi inakwisha na mimi nafungwa. Hawa watoto nitaachia nani?"

Watoto watatu, baba hayupo. Nikapanda lori.

Wakanipeleka mbali, kupita Thika, kupita mashamba ya mkonge, hadi wadi ya kifua. Kitanda cha jirani kilikuwa na mama wa Kiislamu aliyekuwa akiuza mahamri Thika, Mama Zuhura. Yeye alikuwa mgonjwa kweli, na hakuwa na mchezo. Aliniona nimelala macho kwenye dari akasema, "Mwanangu, kitanda hiki ni cha miezi. Ukikaa bure utaoza." Akanifundisha kusoma kwenye vibao vya ukutani: Usiteme Mate Chini. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza, dada. Watu wengine huanza na jina la Mungu.

Nilimwambia daktari kwamba siumwi. Akainua picha kwenye dirisha, akanionyesha doa jeupe upande wa kulia. "Mashine haidanganyi," akasema. Wakapima makohozi yangu, hawakukuta kitu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Wao walifurahi, wakasema dawa inafanya kazi! Basi wakazidisha bidii. Sindano kila asubuhi, dawa mpya kutoka ng'ambo, dawa ambayo mama yetu angeuza mbuzi wote kuipata alipokuwa akikohoa damu. Ilikuwa ikimiminwa kwenye paja langu zima, na wewe Ruiru unakoholea kwenye kanga.

Mwezi wa tatu sikio la kushoto likaanza kulia ngʼ ngʼ ngʼ mchana kutwa. Kisha likanyamaza, na halijasikia neno tena mpaka leo. Dawa ile kali ina tabia hiyo kwa watu wengine, walikuja kuniambia baadaye. Dawa yako imekula sikio langu. Sisemi ili nikulaumu. Au hapana, nasema ili nikulaumu, mbona nijifiche?

Lakini na mimi nijilaumu ipasavyo. Nilikuwa nikisema nusu. Kila siku nilisema "siumwi", na hata siku moja sikusema "anayeumwa ni dada yangu, yuko Ruiru". Mama Zuhura alinitoa siri hiyo siku sikio lilipokufa, kwa sababu nililia mpaka akahamia kitandani kwangu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," aliniambia. "Na wewe unaficha ya mwenzio! Unaogopa kadi? Kadi ni karatasi. Simama umwambie daktari sasa hivi, la sivyo nitamwambia mimi."

Nikasimama. Daktari alinisikiliza bila kupepesa, akapiga picha mpya ya kifua changu, akaiweka kando ya ile yako. Hakuniomba radhi. Alimwita karani wake, akaandika barua, lori likatumwa Ruiru siku iyo hiyo.

Lori lilikukuta umezikwa wiki mbili.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na haijazeeka. Nilirudi nikawakuta watoto kwa jirani, kitambaa changu kimefungwa kichwani mwa Wacuka. Wanawake walinieleza kwamba hukukosa zamu hata moja kwa kadi yangu, nyapara akifumba macho, kwamba mwishoni ulikuwa ukichuma umekaa. Walikuambia uende kwa daktari, ukawajibu, "Mimi nilishamulikwa." Ngai! Ulikufa ukiamini umepona. Au ulikufa ukijua, ukawa unawadanganya wao kama ulivyonidanganya mimi? Swali hilo ndilo linaloniamsha alfajiri, na wewe ndiye pekee mwenye jibu.

Sasa sikiliza habari ya mwezi uliopita.

Gari limerudi. Jipya, lina rangi nyeupe na ngazi ya chuma. Wacuka sasa ni msichana mkubwa, ana kadi yake mwenyewe, na ana macho yako. Tangu mvua ziishe amekuwa akikohoa, akisema ni vumbi. Vumbi! Asubuhi ya foleni alinijia na upole wako uleule, akasimama upande wa sikio langu zima.

"Tata, mama mdogo wangu, mimi najisikia vizuri. Acha wewe uingie na kadi yangu, hawa watu hawaangaliangi sura. Nikichukuliwa, hao wadogo utawalisha pekee yako?"

Nilimpiga kofi, Nyambura. Mbele ya foleni nzima. Sijawahi kumpiga mtoto wako, na sina fahari nalo. Kisha nikamshika mkono, nikampandisha ile ngazi, nikamwambia karani kwa sauti ya kiziwi, sauti inayofika mtoni: "Huyu ni Wacuka wa Nyambura. Mtazame uso. Andika jina lake, kisha unisomee." Akanung'unika kwamba namchelewesha. Nikamwambia atachelewa sana leo, kwa sababu nitasimama hapa mpaka anisomee kila jina. Nikawageukia wanawake nikawaambia mambo mawili: mwanga si dawa, na kila mtu aingie na kifua chake. Watatu walitoka kwenye foleni wakarudishiana kadi.

Jina la Wacuka lilisomwa wiki iliyofuata. Anao ugonjwa, upande wa kulia kama wewe. Lakini wake umewahiwa.

Na hapa ndipo hasira yangu inapochemka upya. Unajua walichompa? Sindano chache, na mimi nimeshamwambia nesi awe anamuuliza habari ya masikio. Baada ya hapo, vidonge. Vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje ya mahindi. Wanasema hospitali hazina nafasi, na wameona mtu anaweza kuvimeza nyumbani na akapona vilevile. Nyumbani, dada! Ungevimeza pale mlangoni, mtoto mgongoni, githeri mekoni. Hungemwachia mtu watoto. Hungehitaji kunidanganya, wala kujidanganya. Vingewahi miaka michache tu, na sote tungekuwa na masikio mawili na wewe ungekuwa hai.

Kila asubuhi Wacuka humeza mbele yangu, hufungua kinywa nikague, hunikasirikia. Simjali. Na akasirike, akasirike mpaka awe bibi kizee.

Haya, salamu zako. Watoto wanakusalimu. Baba yao amefunguliwa juzi, ni mwembamba, anakusalimu. Mama Zuhura hakutoka wadini. Kama mko pamoja mpe mkono wangu. Mimi sijapoa, lakini nakusalimu hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
niliyelazwa kitandani pako.